Jinsi ujuzi wa mume na mke unavyoweza kufufua nyumba yao

UKIPITA mtaani Tena, jijini Nairobi, asubuhi ya Jumamosi, ni nadra kukosa mlio wa nyundo. Hapa mchanga umemwagwa kando ya lango, pale fundi anakata vigae, na mbele kidogo mtu amesimama juu ya ngazi akikwangua rangi ya zamani. Nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands zimezeeka pamoja na wenyewe. Mabomba yameshika kutu, plasta inabambuka, na nyaya zilizowekwa enzi za balbu chache na redio sasa zinabeba mzigo wa friji, pasi, birika na shawa ya maji moto.

Mwenye nyumba anapoiona hali hiyo, kwa kawaida hujikuta mbele ya njia mbili. Ama atafute mwanakandarasi, amkabidhi funguo na pesa kisha aombe dua. Ama avumilie mpaka siku dari litakapoanguka. Hata hivyo, ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi sana: mume na mke kuketi pamoja, kila mmoja ataje anachokijua, kisha waikarabati nyumba yao kwa kuunganisha ujuzi wao.

Njia hii haimaanishi kwamba wawili hao watafanya kila kazi kwa mikono yao. Inamaanisha kwamba watajua ni kazi gani wanayoiweza, ni ipi wasiyoiweza, na nani kati yao atasimamia lipi. Inamaanisha pia kwamba kazi ya kila mmoja itahesabiwa kuwa kazi. Hilo la mwisho ndilo ambalo familia nyingi hulisahau, na ndilo ambalo baadaye huleta majuto, wakati mwingine hata mahakamani.

Mazoea ya tangu jadi

Kwa kweli, mume na mke kujenga kwa ushirikiano si jambo geni katika Afrika Mashariki. Katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka wa 1938, Jomo Kenyatta alieleza jinsi nyumba ya Wakikuyu ilivyojengwa. Wanaume walishughulikia miti na kusimamisha kiunzi, nao wanawake walileta nyasi za kuezekea. Kazi iligawanywa kwa namna ambayo nyumba ingeweza kukamilika kwa siku moja.

Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito, kisha wanawake wakakandika kuta kwa udongo na kuzilainisha kwa samadi. Pwani, makuti yaliyoezeka nyumba za vijijini kwa kawaida yalisukwa na wanawake. Miongoni mwa Wamaasai, mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba. Hakuna aliyesema kwamba mkandikaji hakujenga na mwezekaji peke yake ndiye aliyejenga, maana nyumba isiyokandikwa haikai mtu.

Mji ulipokuja, desturi hiyo ilififia. Nyumba za mjini zilitolewa zikiwa tayari, aidha na mwajiri, baraza la jiji au kampuni ya mikopo. Umoja, ulio jirani na Tena, ulianza kujengwa miaka ya 1970 kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani. Buruburu nao ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka hiyohiyo. Familia zilihamia humo zikiwa na masanduku na vitanda. Hazikuhitajika kushika mwiko.

Dandora ulikuwa mfano tofauti. Chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka wa 1975, watu wa kipato cha chini walipewa ploti zipatazo 6,000 zilizokuwa na maji, njia ya majitaka, choo na bafu. Vyumba vilivyosalia vilikuwa jukumu la mwenye ploti. Wengine waliajiri mafundi, wengine walijenga kwa mikono yao, na baadhi wakaungana katika vikundi ili wasaidiane. Hivyo basi, kumbukumbu ya familia kujijengea haiko mbali na Tena. Iko safari fupi tu ya matatu.

Orodha ya ujuzi kabla ya orodha ya vifaa

Hebu tuchukulie mfano wa mume na mke wanaoishi katika nyumba ya ghorofa moja, chumba cha kulala juu na sebule chini, kama zilivyo nyingi za Tena. Mume ni fundi wa umeme mwenye leseni. Mke ni mshonaji nguo mwenye kibanda chake, na ndiye mweka hazina wa chama chake cha akina mama. Wamejiwekea akiba na wanataka kuikarabati nyumba.

Kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kukimbilia duka la vifaa vya ujenzi. Kabla ya kuandika orodha ya vifaa, wawili hawa wanafaa waandike orodha ya ujuzi. Kila mmoja achukue karatasi yake na ajibu maswali matatu: Ni kazi gani ninayoiweza kikamilifu? Ni ipi ninayoweza kuifanya nikielekezwa? Ni ipi nisiyoiweza kabisa?

Upande wa mume, majibu yanaonekana wazi: nyaya, swichi, soketi na taa. Upande wa mke, huenda yeye mwenyewe akasema, "Mimi sijui chochote kuhusu ujenzi, Baba watoto." Hapo ndipo anapojipunja. Mshonaji ni mtu wa vipimo. Anajua kukadiria kitambaa ili kisipungue na kisibaki, na anajua kwamba kipande kikikatwa vibaya hakirudi. Huo ndio ujuzi unaohitajika katika kuweka vigae, kukata dari na kununua rangi.

Mathalan, sakafu ya sebule yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3 ina eneo la mita mraba 12. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 hufunika mita mraba 0.16. Ukigawanya, unapata vigae 75. Kwa kuwa vingine vitakatwa pembeni na vingine vitavunjika, mtu mwenye busara huongeza takriban sehemu moja kwa kumi, na kununua 83. Fundi asiyesimamiwa anaweza kuagiza 100, na vinavyobaki vikapata miguu. Mshonaji aliyezoea kukata sketi sita kutoka kwa kitambaa cha tano hawezi kudanganywa kwa hesabu hiyo.

Aidha, mshonaji anajua jambo jingine ambalo fundi wa umeme huenda asilijue: vitambaa viwili vya rangi moja kutoka majora tofauti havifanani kikamilifu. Ndivyo ilivyo kwa vigae na rangi ya ukuta. Vigae vya chumba kimoja vinunuliwe kwa mkupuo mmoja na katoni zikaguliwe ili kuhakikisha ni za toleo moja. Ukirudi dukani baada ya miezi mitatu kutafuta vilivyopungua, utaweka kiraka kitakachoonekana kwa miaka 20.

Isitoshe, kazi ya uweka hazina ni ujuzi wa ujenzi pia. Miradi mingi ya nyumba haikwami kwa kukosa fundi, bali kwa kukosa daftari. Pesa hutoka kidogo kidogo: misumari leo, msasa kesho, nauli ya mkokoteni keshokutwa. Bila mtu wa kuandika, akiba huisha nyumba ikiwa haina dari.

Bila shaka, mfano huu unaweza kugeuzwa. Siku hizi si ajabu kumpata mwanamke mhandisi au fundi wa mabomba, na mume mwalimu au mpishi. Mwalimu anaweza kusoma mikataba na kufuatilia vibali. Mpishi anajua jiko linapaswa kukaa wapi ili mtu asizunguke na sufuria ya uji moto. Muuza mboga wa sokoni Gikomba anajua kukataa bei ya kwanza. Hakuna ujuzi usio na nafasi katika nyumba.

Mpangilio wa kazi

Baada ya orodha ya ujuzi, hatua ya pili ni kukagua nyumba. Wawili hao waizunguke pamoja, ikiwezekana siku ya mvua, maana mvua haifichi siri ya paa. Mmoja atazame juu: mabati, mifereji ya maji ya mvua, madoa darini. Mwingine atazame chini: unyevu kwenye kuta, nyufa, maji yanayotuama karibu na msingi. Kisha wabadilishane zamu, kwa sababu macho mawili huona zaidi yakipishana.

Nyufa si za aina moja. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta aghalabu ni wa plasta yenyewe na unaweza kuzibwa. Ufa mpana unaopita ukutani kimshazari, au unaoendelea kupanuka, unaweza kuwa dalili ya msingi kudidimia. Ili kujua kama unapanuka, chora mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, kisha rudi baada ya wiki kadhaa. Ukiwa umepita mstari, usiite mpaka rangi, mwite mhandisi.

Kuhusu mpangilio, kanuni ni moja: anza na kinachozuia maji, kisha kinachofichwa ukutani, kisha kinachoonekana. Kwanza paa na mifereji yake. Pili mabomba na nyaya. Tatu plasta na dari. Nne vigae. Rangi ya mwisho na mapazia huja baada ya vumbi lote kutulia. Anayeanza na rangi kwa sababu wageni wanakuja atalazimika kuutoboa ukuta aliokwisha kuupamba.

Plasta mpya haitaki haraka. Saruji haikauki tu kama nguo kwenye kamba. Hushikana kwa kutumia maji, na ikinyimwa maji mapema hubaki dhaifu na kupasuka. Ndiyo maana hunyunyiziwa maji kwa takriban siku saba. Hii ni kazi isiyohitaji fundi wa kulipwa, bali mtu mwaminifu mwenye ndoo asubuhi na jioni. Baada ya hapo, ukuta uachwe ukauke vyema kabla ya kupakwa rangi, la sivyo unyevu utasukuma rangi nje na kuacha malengelenge.

Kukwangua rangi ya zamani nako kuna hatari yake. Rangi za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Ni heri kulowesha ukuta kabla ya kuupiga msasa ili vumbi lisipeperuke, kuwaondoa watoto chumbani, kuvaa barakoa, na kufagia kwa kitambaa chenye maji.

Mahali pa kukoma

Ujuzi wa wawili una mipaka, na heshima ya fundi ni kujua mipaka yake. Katika mfano wetu, mume ana leseni ya umeme, kwa hivyo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mujibu wa kiwango cha leseni yake. Laiti angekuwa hana, kuunganisha nyaya zake mwenyewe kungekuwa kinyume cha sheria. Kazi za kuweka umeme nchini Kenya zinaruhusiwa kufanywa na watu walioidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019.

Sababu ya masharti hayo si urasimu mtupu. Shawa ya maji moto yenye nguvu ya wati 5,000 huvuta takriban ampea 21 kwenye umeme wa volti 240. Waya mwembamba wa taa, ule wa milimita mraba 1.5, haukukusudiwa kubeba mzigo huo. Ukiunganishwa na shawa, hupata joto ndani ya ukuta, mpira wake ukayeyuka, na moto ukaanza mahali ambapo hakuna anayeuona. Shawa inahitaji waya wake mnene, swichi yake ya kinga, na waya wa ardhini ulio mzima.

Jambo jingine linalopuuzwa ni tangi la maji. Kwa sababu ya mgao wa maji jijini, karibu kila nyumba ya Eastlands inatamani kuwa na tangi juu. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzani wa tani moja, sawa na mifuko 20 ya saruji iliyorundikwa mahali pamoja, usiku na mchana. Kabla ya kulipandisha, ulizeni: ukuta ulio chini yake ulijengwa kubeba nini?

Vivyo hivyo kwa kubomoa ukuta ili kupanua sebule. Zipo kuta zinazogawa vyumba tu, na zipo zinazobeba sakafu ya juu. Kwa macho zinafanana. Kuongeza ghorofa juu ya msingi uliotengenezewa nyumba ndogo ni hatari zaidi. Wakazi wa Eastlands hawajasahau usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma wakati wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 50.

Ndiyo sababu sheria inataka kibali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inahitaji mtu kupata idhini ya kaunti kabla ya kuendeleza ardhi au jengo. Kanuni mpya za kitaifa za majengo, zilizotolewa mwaka wa 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za mwaka wa 1968. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011, husajili wanakandarasi na kuidhinisha mafundi. Kupaka rangi sebuleni ni jambo moja. Kuongeza chumba, kubomoa ukuta au kupandisha ghorofa ni jambo jingine. Anayetilia shaka afike katika ofisi za mipango za kaunti kabla ya kununua mfuko wa kwanza.

Kwa wanaoishi katika fleti, kuna sharti la ziada. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020, mwenye fleti anamiliki sehemu yake, lakini ngazi, paa na kuta za nje ni mali ya pamoja. Kabla ya kugusa hizo, zungumzeni na majirani kupitia shirika la wenye nyumba.

Kazi isiyoonekana

Turudi kwa mshonaji na fundi wetu. Miezi sita imepita na nyumba inang'aa. Mume amebadilisha nyaya zote. Kazi yake inaonekana, na ina bei inayojulikana: kila mtu anajua fundi wa umeme angelipwa pesa ngapi.

Je, mke amefanya nini? Amepima vyumba vyote. Ameenda Gikomba kutafuta mbao na Kamukunji kutafuta makabati ya chuma, akalinganisha bei katika maduka matatu. Ameandika matumizi kila jioni. Amewapikia mafundi, amemwagilia plasta, amefagia vumbi mara mbili kwa siku, amewahamisha watoto kutoka chumba kimoja hadi kingine na kuhakikisha wameenda shuleni wakiwa wamefuliwa sare. Ameshona mapazia ya madirisha yote. Dirisha la mita mbili hutaka kitambaa cha karibu mita nne ili pazia likunjane vyema. Hesabu mwenyewe madirisha ya nyumba nzima.

Kazi hiyo haina bei, na kwa hivyo ni rahisi kusahaulika. Utafiti wa kwanza wa kitaifa kuhusu matumizi ya muda, uliofanywa mwaka wa 2021 na Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS), ulionyesha kwamba wanawake nchini hutumia muda wa karibu mara tano ya ule wa wanaume katika kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Mgeni akija atasema, "Bwana, umeijenga nyumba!" Mara chache atamgeukia mke.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na ni vyema mume na mke waijue wakiwa bado wanapendana. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 inasema umiliki wa mali ya ndoa hufuata mchango wa kila mmoja. Lakini mchango, kwa mujibu wa sheria hiyo, si pesa pekee. Unajumuisha kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba ya ndoa, malezi ya watoto, uandamani wa ndoa, na usimamizi wa biashara au mali ya familia.

Kuna kifungu kingine kinachohusu ukarabati moja kwa moja. Iwapo mmoja wao alikuwa na nyumba kabla ya ndoa, na nyumba hiyo haikugeuka kuwa mali ya ndoa, lakini mwenzake akachangia kuiboresha, basi mchangiaji hupata haki katika nyumba hiyo kwa kadiri ya mchango wake. Kifungu hiki hakimbagui mume wala mke. Kinamlinda mume aliyehamia katika nyumba ya mkewe na kuikarabati kwa mikono yake, sawa na kinavyomlinda mke.

Funzo la Tassia

Si lazima twende mbali kupata mfano. Tassia, mtaa mwingine wa Eastlands, ndiko ulikoanzia mzozo uliofika hadi Mahakama ya Juu. Wanandoa ambao mahakama iliwataja kwa herufi tu walikuwa na nyumba huko pamoja na vyumba vya kupangisha vilivyojengwa katika ploti hiyohiyo. Ndoa ilipovunjika, swali likawa: nani anamiliki nini?

Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufani ikabadilisha uamuzi huo na kuwagawia nusu kwa nusu. Mume akaenda Mahakama ya Juu. Mnamo Januari 27, 2023, majaji wa mahakama hiyo walikubaliana na mgao wa nusu kwa nusu.

Hata hivyo, maelezo yao ndiyo yenye uzito zaidi. Walisema Kifungu cha 45 cha Katiba, kinachowapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, hakimaanishi kwamba mali itagawanywa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja lazima athibitishe mchango wake, uwe wa pesa au usio wa pesa. Mahakama hutazama hali ya kila kesi kivyake.

Neno muhimu hapo ni kuthibitisha. Mume atathibitisha kwa risiti za nyaya. Mke atathibitisha kwa nini, ikiwa hakuna aliyeandika kwamba ndiye aliyesimamia kazi kwa miezi sita? Risiti ya kumwagilia plasta haipo. Ya kuwalisha mafundi haipo. Na kwa mume aliyeacha kibarua ili asimamie ujenzi katika ploti iliyoandikwa jina la mke, hali ni hiyohiyo.

Ndiyo maana daftari la ukarabati linapaswa kuwa na safu mbili. Ya kwanza ni ya pesa: tarehe, kilichonunuliwa, bei, na aliyelipa. Ya pili ni ya kazi: tarehe, kilichofanywa, saa ngapi, na aliyekifanya. Wote wawili watie sahihi kila mwisho wa mwezi. Risiti zihifadhiwe katika bahasha moja, na ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Picha za kabla na baada ya kazi zina faida pia.

Wapo watakaosema kwamba kuandika hivyo ni kuikaribisha talaka. La hasha. Chama cha akina mama huandika kila shilingi, na hakuna anayesema wanachama wanajiandaa kugombana. Wanaandika ili wasigombane. Daftari hili linasomwa kwanza siku za furaha. Mume anayeona kwa maandishi kwamba mkewe alifanya kazi saa 40 juu ya kibarua chake cha kushona atajua kumshukuru. Mke anayeona jinsi mumewe alivyorudi kutoka kazini na kupanda darini usiku hatalalamika kwamba chakula kilipoa.

Kadhalika, iwapo wataamua kukopa kwa kuweka nyumba rehani, wote wawili lazima wahusike. Sheria hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Mwenza asitie sahihi kwa sababu tu ameambiwa, "Weka hapa, Mama watoto, benki inafungwa." Asome, aulize, ndipo atie.

Lugha ya kazini

Mwisho, ukarabati ni mtihani wa ulimi. Vumbi, kelele na pesa zinazopungua huwafanya watu wema wawe wakali. Inasaidia kukubaliana mapema kwamba kila eneo lina msemaji wake wa mwisho. Katika nyaya, mume ndiye anayeamua. Mke akitaka soketi kumi jikoni, atasikiliza anapoambiwa laini haiwezi. Katika vipimo na manunuzi, mke ndiye anayeamua. Mume akiahidiwa "bei ya rafiki" dukani, atampigia simu kwanza. Na mbele ya mafundi wa nje, wawili hao wazungumze kwa sauti moja. Fundi akigundua kwamba amri za baba na za mama hazilingani, atafuata iliyo rahisi kwake.

Si lazima kila kitu kifanywe mwaka huu. Paa linaweza kufanywa kabla ya mvua za Machi, nyaya katikati ya mwaka, vigae Desemba. Haba na haba hujaza kibaba. La muhimu ni kwamba kila awamu ikamilike kabla ya nyingine kuanza, na hesabu zake zifungwe.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu tunadhani walikuwa wakizungumzia ukuta wa nyumba tu. Ufa unaweza pia kuwa kazi ya mtu isiyotajwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku mmoja anaposimama mlangoni na kuuliza nyumba hii ni ya nani. Huo nao huzibwa mapema, na kalamu na daftari vinatosha kuuziba.